Jaji mwenye deni atamhukumu nani?

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Ni methali ya mfanyabiashara, ya jirani aliyekopa kibaba cha unga, na ya kila mtu aliyewahi kuzunguka mtaa wa pili ili asipite mbele ya duka ambalo daftari lake limejaa jina lake. Hakuna anayebishana nayo. Lakini juma hili napenda tuitazame methali hiyo mahali ambapo haifai kabisa kutumika, napo ni mahakamani. Jaji akiwa na deni, atalilipa kwa kitu gani? Katika kiti kile hana duka wala shamba. Mali pekee aliyonayo mkononi ni hukumu.

Swali hili limewasumbua sana Wamarekani. Katika majimbo mengi ya nchi ile, wakili anayetaka kuwa jaji hapeleki maombi mbele ya tume, wala hakai nyumbani kusubiri uteuzi. Anafanya vile vile afanyavyo mgombea ubunge. Anachukua fomu, anachapisha mabango, anazunguka kushikana mikono na watu sokoni na kanisani, ananunua muda wa matangazo katika televisheni, na siku ya uchaguzi ikifika wananchi wanampigia kura au wanamnyima.

Tusichanganye mambo. Marekani ina mahakama za namna mbili. Ziko mahakama za serikali ya shirikisho, ambazo majaji wake huteuliwa na Rais, wakathibitishwa na Baraza la Seneti, na wakishakalia kiti hicho hawaondoki mpaka wastaafu kwa hiari, wafe au washitakiwe bungeni na kuondolewa. Hizo hazina uchaguzi. Halafu ziko mahakama za majimbo. Huko ndiko ziliko kesi nyingi kabisa za nchi ile, yaani kesi za mauaji, talaka, mirathi, mikataba na ajali za barabarani. Na huko, katika majimbo zaidi ya 35 kati ya 50, majaji wote au baadhi yao hukutana na wapiga kura kwa njia moja au nyingine.

Tusiwacheke haraka. Utaratibu huu haukuanzishwa na wendawazimu. Jimbo la Mississippi liliamua mwaka 1832 kwamba majaji wake wote wachaguliwe na wananchi. New York ikafuata mwaka 1846, na majimbo mengine mengi yakaiga. Sababu yao ilikuwa ya maana. Watu walikuwa wamechoka kuona viti vya majaji vikigawiwa na magavana na wabunge kwa marafiki zao na makada wa vyama vyao. Wakasema, kama jaji lazima awe na deni la shukrani kwa mtu, basi na awe na deni kwa umma wote, maana deni la watu wote si deni la mtu yeyote. Ni hoja nzuri. Ubovu wake ulikuja kuonekana pale ilipodhihirika kwamba kampeni ni gharama, na kwamba anayelipa gharama hizo si umma wote.

Sasa nawaomba twende pamoja mpaka West Virginia, jimbo la milima na makaa ya mawe. Mwaka 1998 palikuwa na mfanyabiashara wa makaa anayeitwa Hugh Caperton aliyekuwa na ugomvi na kampuni kubwa ya uchimbaji, A.T. Massey. Caperton alidai kwamba Massey ilimfanyia hila katika mikataba ya biashara mpaka kampuni zake zikafilisika. Kesi ilisikilizwa katika wilaya ya Boone, na mwezi Agosti 2002 wananchi walioapishwa kuisikiliza, wale wanaoitwa juri, walikubaliana na Caperton. Wakaamuru alipwe fidia ya dola milioni 50.

Kila mtu alijua kwamba Massey itakata rufaa, na kwamba rufaa hiyo itaishia katika mahakama ya juu ya jimbo, yenye majaji watano tu. Mwaka 2004, kabla rufaa haijafika, kiti kimoja katika vile vitano kilikuwa kinagombewa. Aliyekikalia alikuwa Jaji Warren McGraw wa chama cha Democratic. Aliyejitokeza kumpinga alikuwa wakili wa mjini Charleston, Brent Benjamin wa chama cha Republican, ambaye hakuwa amewahi kuwa jaji.

Mkuu wa kampuni ya Massey aliitwa Don Blankenship. Sheria ya jimbo ilimruhusu mtu mmoja kuichangia kamati ya mgombea dola 1,000 tu. Blankenship akatoa dola zake 1,000, hakuzidisha hata senti moja. Lakini nje ya kamati hiyo akatoa karibu dola milioni mbili na nusu kwa kikundi kilichojipa jina lenye maana ya 'Na kwa ajili ya watoto', kilichokuwa kikimpiga vita McGraw. Juu ya hizo akatumia dola zaidi ya 500,000 nyingine kwa barua na matangazo ya kumuunga mkono Benjamin. Ukijumlisha ni dola milioni tatu. Fedha hizo zilizidi michango ya wafuasi wengine wote wa Benjamin ikiwekwa pamoja, na zilikuwa mara tatu ya zile zilizotumiwa na kamati ya mgombea mwenyewe.

Na matangazo hayo yalisema nini? Msidhani yalizungumzia makaa ya mawe au mikataba. Yalizungumzia watoto. Yaliwaambia wananchi kwamba McGraw alishiriki katika uamuzi wa kumwachia mtu aliyepatikana na hatia ya kumdhulumu mtoto. Mama aliyekuwa jikoni akitazama televisheni hakuambiwa kwamba nyuma ya tangazo lile kuna mtu mwenye rufaa ya dola milioni 50. Hapo ndipo penye hatari ya kampeni za majaji. Anayetoa fedha ana shauri lake, lakini anayeombwa kura anaelezwa shauri lingine kabisa.

Mwezi Novemba 2004 Benjamin alishinda kwa kura zaidi ya asilimia 53, akapata kiti cha miaka 12.

Rufaa ikaja, kama ilivyotazamiwa. Mwezi Oktoba 2005 Caperton alimwomba Jaji Benjamin ajitoe katika kesi hiyo. Benjamin akakataa. Mwezi Novemba 2007 mahakama ikafuta ile fidia ya dola milioni 50, majaji watatu kwa wawili. Mmoja wa wale watatu alikuwa Benjamin. Caperton akaomba kesi isikilizwe upya. Wakati huo zikatokea picha za jaji mwingine wa mahakama hiyo hiyo, Elliott Maynard, akiwa mapumzikoni na Blankenship katika pwani ya Ufaransa na Monaco wakati kesi bado haijaisha. Maynard akajitoa. Jaji Larry Starcher, ambaye alikuwa amemsema Blankenship vibaya hadharani, naye akajitoa. Benjamin akabaki, akawa ndiye anayekaimu ujaji mkuu katika shauri hilo. Mwezi Aprili 2008 matokeo yakawa yale yale, watatu kwa wawili, na Benjamin yumo katika wale watatu.

Sasa, ndugu wasikilizaji, haki yataka tumsikilize na mshitakiwa wetu. Benjamin hakushitakiwa kwa kupokea rushwa. Hakuna aliyesema kwamba fedha ziliingia mfukoni mwake. Yeye mwenyewe alisema hakuna ushahidi wa upendeleo, na kwamba katika mashauri mengine alikuwa amepiga kura dhidi ya Massey. Hilo ni kweli, na moja ya mashauri hayo lilikuwa la mamilioni mengi ya dola kuliko hili. Ni kweli pia kwamba magazeti makubwa ya jimbo, isipokuwa moja, yalimuunga mkono katika uchaguzi. Yawezekana kabisa kwamba angeshinda hata kama Blankenship asingetoa dola moja. Yawezekana vile vile kwamba alipokaa kuandika uamuzi wake hakuufikiria mkono wa mtu yeyote, bali sheria peke yake.

Lakini jiweke mahali pa Caperton. Umeshinda kesi mbele ya wananchi wenzako. Kabla ya rufaa, adui yako ametumia dola milioni tatu kumwondoa jaji mmoja na kumweka mwingine. Halafu unashindwa kwa kura moja, na kura hiyo ni ya yule aliyewekwa. Utalala usingizi ukisema, 'Sheria imenishinda'? Au utasema kesi ya nyani hakimu wake alikuwa ngedere?

Shauri likafika Washington, katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 8 Juni 2009 majaji watano kwa wanne waliamua kwamba Benjamin alipaswa kujitoa. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika uamuzi huo, alieleza jambo ambalo hata mzee wa baraza kijijini angelielewa. Ni kanuni ya kale kwamba mtu asiwe hakimu katika kesi yake mwenyewe. Basi, akasema Kennedy, hofu ya namna hiyo hiyo huingia pale mtu anapojichagulia hakimu wa kesi yake. Hakuna haja ya kuupasua moyo wa jaji kutafuta upendeleo uliojificha ndani. Yatosha kuangalia ukubwa wa fadhila, wakati ilipotolewa, na aliyeitoa.

Majaji wanne walipinga. Jaji Mkuu John Roberts aliorodhesha maswali 40, akitaka kujua mpaka wa kanuni hiyo uko wapi. Ni fedha kiasi gani ndizo zimezidi? Je, mchango wa chama cha wafanyakazi utahesabiwaje? Je, jaji atajitoa kwa miaka mingapi? Ni maswali ya haki, na mengine hayajajibiwa hadi leo. Lakini ugumu wa kujua jioni inaanza saa ngapi haujamzuia mtu kuona kwamba usiku umeingia. Dola milioni tatu kwa kiti kimoja, kutoka kwa mtu mmoja mwenye kesi mlangoni, ulikuwa usiku.

Na sasa nifike mahali ambapo wengi wanaoisimulia kesi hii huparuka. Mwezi Novemba 2009 rufaa iliamuliwa tena huko West Virginia, safari hii Benjamin hayumo. Unajua matokeo? Massey ilishinda tena, na si kwa watatu kwa wawili, bali kwa wanne kwa mmoja. Mahakama ilisema mkataba wa makaa ulikuwa na kifungu kinachotaka ugomvi upelekwe katika mahakama za jimbo la jirani la Virginia, basi Caperton alikuwa amepeleka kesi yake mlango usio wake.

Yuko atakayesema, kumbe basi kelele zote zile zilikuwa za nini? Mimi naona kinyume. Hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Inawezekana hoja ya sheria aliyoifuata Benjamin ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Lakini hakuna aliyeweza kuiamini, kwa sababu ilitoka katika kinywa chenye deni. Deni la jaji lina ubaya huo. Halimharibii aliyepotoka peke yake, linamharibia hata aliyenyooka. Linaifanya hukumu halali ifanane na hukumu iliyonunuliwa, na mwananchi hana mizani ya kuzipambanua.

Kuna wakili mwingine, wa jimbo la Florida, ambaye kisa chake ni kidogo kwa fedha lakini kinatufundisha. Lanell Williams-Yulee aligombea ujaji wa mahakama ya wilaya ya Hillsborough, na mwezi Septemba 2009 alituma barua yenye saini yake kuomba michango ya kampeni. Kanuni za Florida zinamkataza mgombea ujaji kuomba fedha kwa kinywa chake au kwa mkono wake. Uchaguzi akashindwa, na juu ya hayo akapewa karipio na kutakiwa kulipa gharama za shauri. Akakata rufaa mpaka Washington akidai uhuru wake wa kusema umevunjwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikubaliana na Florida, watano kwa wanne. Aliyeandika uamuzi safari hii alikuwa John Roberts, yule yule wa maswali 40, na akasisitiza kwamba jaji si mwanasiasa hata kama ameingia kwa kura.

Ni maneno mazuri. Lakini tazameni kanuni yenyewe. Mgombea haruhusiwi kuomba, ila kamati yake inaruhusiwa kumwombea. Na fedha zikishaingia, mgombea anaruhusiwa kumwandikia mtoaji barua ya asante. Yaani hajui kuomba, lakini anajua kushukuru! Mlango wa mbele umefungwa kwa komeo, na dirisha limeachwa wazi.

Mtu asidhani haya ni ya zamani. Mwezi Aprili 2025 jimbo la Wisconsin lilichagua jaji mmoja wa mahakama yake ya juu. Waliogombea walikuwa Susan Crawford na Brad Schimel. Uchaguzi huo wa kiti kimoja ulitumia takriban dola milioni 100, kiasi ambacho hakijawahi kuonekana katika uchaguzi wa mahakama nchini Marekani. Tajiri Elon Musk na vikundi anavyovifadhili walitumia zaidi ya dola milioni 20 upande wa Schimel. Kampuni yake ya magari, Tesla, ilikuwa imefungua kesi dhidi ya jimbo hilo mwezi Januari mwaka huo huo. Musk alisema alichokuwa akikitazama ni mipaka ya majimbo ya uchaguzi wa Bunge. Upande wa Crawford nao haukuwa wa mafukara, kwani matajiri wengine walifungua mifuko. Crawford ndiye aliyeshinda. Kwa hiyo fedha nyingi hazishindi kila mara. Lakini hata zikishindwa, zimekwisha kuwafundisha wananchi kumtazama jaji na kuuliza kwanza, 'Huyu ni wa nani?'

Dawa iko? West Virginia walijaribu. Mwaka 2010 bunge la jimbo lilianzisha mpango wa kumlipia mgombea wa mahakama ya juu gharama za kampeni kutoka fedha za umma, alimradi kwanza akusanye michango midogo midogo kutoka kwa wananchi wengi, ili kuonyesha kwamba ana watu nyuma yake. Mwaka 2015 wakaamua wagombea ujaji wasitumie tena majina ya vyama. Na mwaka 2016, kipindi cha miaka 12 kilipomalizika, mmoja wa wagombea waliotumia fedha hizo za umma alikuwa Brent Benjamin mwenyewe. Safari hii hakuna aliyeweza kusema ana deni kwa tajiri. Akashindwa, na akashindwa vibaya. Ndiyo dunia.

Sasa msikilizaji wa Kariakoo au wa Kisumu ataniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi tusiowapigia kura majaji? Yanatuhusu, maana deni halina njia moja ya kuingilia. Anayechaguliwa aweza kuwa na deni kwa aliyelipia mabango. Anayeteuliwa aweza kuwa na deni kwa aliyemteua. Hapa Tanzania majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Wenzetu wa Kenya walionja uchungu mwaka 1988, Katiba ilipobadilishwa na majaji wakaondolewa kinga ya kutofukuzwa kazi kiholela, kinga iliyorudishwa mwaka 1990. Huko ndiko ulikozoeleka msemo wa mitaani kwamba ya nini kumlipa wakili wakati unaweza kumnunua jaji. Katiba yao ya mwaka 2010 iliweka tume inayowahoji waombaji hadharani, na mwaka 2011 wananchi walikaa mbele ya televisheni wakisikiliza mahojiano ya waliotaka kuwa Jaji Mkuu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani. Upende uamuzi ule au usiupende, hakuna aliyesema majaji wale walikuwa wanalipa deni kwa mwenye Ikulu.

Kwa hiyo mimi sitasimama hapa kusema kuchagua ni kubaya na kuteua ni kuzuri, au kinyume chake. Kila njia ina mwiba wake. Ninachosema ni kwamba, kwa njia yoyote jaji atakayopitia, tuwe na maswali mawili ya kumuuliza. La kwanza, nani alikubeba? La pili, aliyekubeba akija mbele yako na kesi, je, utasimama utoke chumbani? La kwanza halina aibu, kwa kuwa hakuna binadamu asiyebebwa na mwenzake. Ni lile la pili linalompambanua jaji na mwajiriwa wa tajiri. Na lisiachwe kwa dhamiri yake peke yake. Pale West Virginia, Benjamin ndiye aliyeombwa aamue kama Benjamin ajitoe. Ombi la kumtaka jaji ajitoe linafaa liamuliwe na jaji mwingine, tena kwa sababu zilizoandikwa, ili na sisi tulio nje ya jengo tuzisome.

Kwa maana mahakama haina jeshi wala hazina. Nguvu yake yote iko katika jambo moja, nalo ni kwamba anayeshindwa anakubali kurudi nyumbani. Mwenye shamba lililochukuliwa, mjane aliyenyimwa mirathi, mfanyakazi aliyefukuzwa, wote hao huvumilia kushindwa kwa sharti moja tu, waamini kwamba mizani haikuwekewa jiwe. Siku wakiacha kuamini, hawatakata rufaa. Watatafuta njia nyingine, na njia hizo tunazijua sote.

Dawa ya deni ni kulipa. Dawa ya deni la jaji ni moja tu, kukaa mbali na kesi ya anayemdai.